Kasha la Kompyuta lenye Sura ya Kiwanda cha Zamani: Chuma, Kutu na Mita Zinazosoma Kweli

Ribiti isiyofunga kitu hujulikana. Mtu anaweza asijue lolote kuhusu ufundi, lakini akitazama kasha lililobandikwa magurudumu ya meno kwa gundi, jicho lake linakataa. Mashine za enzi za mvuke hazikupambwa namna hiyo. Bolti ilikuwepo kwa sababu kulikuwa na bamba la kushikwa, mita ilikuwepo kwa sababu fundi alihitaji kusoma presha, na mpini uling'aa pale tu ulipokamatwa kila siku. Makala hii inasimama juu ya kanuni hiyo: kila kinachoonekana kwenye kasha kiwe na kazi, hata kama ni kazi ndogo. Kanuni hii inakunyima mapambo mengi, lakini yanayobaki yanaaminika.

Kabla ya kununua hata skrubu moja, nenda ukatazame mashine ya kweli. Aliye Nairobi ana Jumba la Makumbusho ya Reli, ambako injini 5918 Mount Gelai, injini kubwa ya mvuke ya aina ya Garratt iliyoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester, imesimama wazi kwa mtu kuikagua kwa ukaribu. Tazama jinsi bomba linavyoshikwa kwa kamba za chuma kabla na baada ya kupinda, mita zilivyopangwa mbele ya macho ya dereva, na rangi ilivyoisha kwenye ngazi na vishikio huku ikibaki nzima mahali mkono usipofika. Piga picha za pembe na maungio, si za injini nzima. Picha hizo ndizo zitakazokuambia ribiti zikae wapi na kutu ianzie wapi.

Kompyuta ya kuanzia

Kompyuta za ofisini za mtumba, za Dell na HP hasa, zinavutia kwa bei, lakini nyingi zina mtego. Mazabodi zake, yaani bodi kuu, hazifuati ATX, vipimo vya kawaida vya kompyuta za mezani, pawa saplai zake zina plagi za kipekee, na baadhi hutoa volti 12 peke yake, umeme wa diski ukitoka kwenye mazabodi. Hata waya wa swichi ya kuwashia mara nyingi una plagi ya aina yake. Ukitumia mashine ya namna hiyo, liache kasha lake la ndani lilivyo na uvalishe ngozi mpya juu yake. Usijaribu kuhamishia mazabodi kwenye kasha jingine.

Ukiwa na mazabodi ya kawaida, kazi ni nyepesi kwa sababu vipimo havibadiliki. ATX kamili ni milimita 305 kwa 244, ATX ndogo ni 244 kwa 244, na pawa saplai ya kawaida ina uso wa milimita 150 kwa 86. Feni ya milimita 120 ina matundu ya skrubu yanayoachana milimita 105, na ile ya 140 yanaachana 124.5. Yaandike haya kwenye karatasi ya ukubwa halisi, uikate, uibandike juu ya chuma, ndipo uanze kupiga alama.

Kwa ngozi ya nje nunua shiti nyeusi ya chuma, ile isiyopakwa zinki, ya geji 20, yaani takriban milimita 0.9. Mita moja ya mraba ya shiti hiyo ina uzito wa kilo 7 na kidogo. Geji 18 inafika kilo 9.5, nayo inafaa kwa paneli ya mbele peke yake kwa kuwa ndiyo inayobeba mita na swichi. Wapo wanaopenda bamba la milimita 3 ili kasha liwe zito kama mashine. Bamba hilo lina kilo 23.5 kwa mita ya mraba, na mlango wa pembeni wa sentimita 45 kwa 45 peke yake utakaribia kilo 5. Bawaba zitalegea na meza italalamika.

Usimpe fundi wa kuchomelea kasha lenyewe alichome kwa umeme. Makasha mengi yametengenezwa kwa chuma cha milimita 0.5 hadi 0.8 kilichopakwa zinki. Elektrodi ya kawaida itatoboa chuma chembamba hivyo, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomletea mtu homa na kutetemeka usiku wake. Ribiti na bolti zinatosha.

Kukata na kutoboa

Toa kila kitu ndani. Kila kitu, pamoja na nguzo za shaba za mazabodi na waya za mbele. Vumbi la chuma lililotokana na drili likibaki kwenye pembe moja, siku feni itakapolipuliza likatua kati ya miguu ya chipu, mazabodi imekufa.

Tundu la feni ya 120 linahitaji duara la milimita 114 au 115. Msumeno wa duara wa kipimo hicho haupatikani kila hadiwea, kwa hiyo njia mbili zinabaki. Ya kwanza ni kutoboa mlolongo wa matundu ya milimita 4 kuzunguka duara, kukata vipande vilivyobaki katikati yake, kisha kusawazisha kwa tupa ya nusu duara. Ya pili ni msumeno wa umeme wenye wembe wa chuma wa meno 24 kwa inchi. Shiti ibanwe kati ya mbao mbili kila upande, la sivyo itapiga kelele, itatetemeka na kujikunja ukingoni. Grainda iache kwa mikato mirefu iliyonyooka. Kwenye duara inachoma ukingo na kuacha pembe.

Kwa matundu ya swichi na taa, drili ya ngazi, ile inayonenepa hatua kwa hatua, ndiyo rafiki. Swichi za viwandani za milimita 22 zinaingia kwenye tundu la 22.5. Anza na senta panchi ya kutia alama na tundu la milimita 3, endelea taratibu, na weka tone la mafuta kila unapopanda ngazi.

Sasa ribiti. Ribiti za kuvuta zinazotumiwa kwenye mageti na makabati ni imara, lakini zina tundu katikati ya kichwa, na tundu hilo linatangaza kwamba kazi ni ya juzi. Ukizitumia, ziba kila tundu kwa epoksi ya chuma kabla ya rangi. Bora zaidi ni ribiti ngumu za alumini laini zenye kichwa cha mviringo, za milimita 4. Urefu wake uzidi unene wa vyuma viwili kwa mara moja na nusu ya kipenyo, yaani milimita 6 zitokeze upande wa pili, ndizo zitakazopigwa kwa nyundo zitanuke. Kichwa kikae kwenye kipande cha chuma kilichochimbwa bonde la mviringo ili kisibondeke.

Mpangilio una sheria zake. Katikati ya ribiti kuwe mbali na ukingo wa bamba kwa mara moja na nusu hadi mbili ya kipenyo, hivyo kwa ribiti ya milimita 4 ni milimita 6 hadi 8. Baina ya ribiti na ribiti usishuke chini ya mara tatu ya kipenyo. Boila za kweli zilibana sana kwa sababu zilizuia mvuke, ila kwenye kasha milimita 25 zinapendeza na hazichoshi: mlango wa sentimita 45 kwa 45 utakula hadi ribiti 72 kuzunguka. Ziwe kwenye maungio ya mabamba tu. Mstari wa ribiti unaokatiza katikati ya bamba zima ni uongo.

Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ina somo hapa. Mwaka 1913 ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikiwa imefungwa kwa bolti, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma, na huko ndiko ilikopigwa ribiti. Fanya vivyo hivyo. Funga ngozi yote kwa bolti za M4 kwanza, weka mazabodi, kadi ya picha na milango, hakikisha kila kitu kinaingia na kutoka, kisha fungua upige ribiti. Kosa linalojirudia ni mikia ya ribiti kugonga mfereji ambao mlango wa pembeni unateleza ndani yake. Acha milimita 15 tupu kwenye kingo zote zinazoshikana na fremu, na upige ribiti ngozi juu ya mlango, kamwe usipige mlango kwenye fremu.

Kutu ya kweli

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Chuma kilichopakwa zinki hakishiki kutu nyekundu maadamu zinki bado ipo. Ukikimwagia siki na chumvi kinatoa unga mweupe, na watu wengi hudhani dawa yao ni mbovu. Ndiyo maana nimesisitiza shiti nyeusi. Kasha la ndani lisiguswe na kutu hata kidogo. Kutu ni ya ngozi ya nje, na upande wake wa nje tu.

Piga msasa namba 80, kisha 120. Safisha kwa thina, osha kwa sabuni, na tangu hapo vaa glavu, maana alama ya kidole chenye mafuta itabaki ikionekana kama doa safi katikati ya kutu. Nyunyiza siki tupu, acha ikauke juani, rudia mara mbili au tatu ili uso wa chuma ukwaruzike kwa asidi. Kisha changanya nusu lita ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, na mililita 60 za siki na nusu kijiko kikubwa cha chumvi. Nyunyiza shiti ikiwa ya moto kutokana na jua. Itatoa povu na kugeuka rangi ya chungwa ndani ya dakika chache. Rudia kila inapokauka. Mipako ya kwanza hutoa rangi ya chungwa angavu. Inayofuata ndiyo inayoleta hudhurungi nzito.

Fanya nje, penye upepo, ukiwa na miwani. Usiweke mchanganyiko kwenye chupa iliyofungwa, kwa sababu peroksaidi hutoa gesi na chupa hupasuka. Na usiukaribishe kwenye dawa yoyote ya kung'arishia nguo nyeupe: siki ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu.

Hatua inayorukwa ni kuosha. Chumvi ikibaki ndani ya kutu huvuta unyevu wa hewa, na chini ya vanishi kutu itaendelea kula na kuinua mabaka. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, ambako hewa yenyewe ina chumvi, jambo hili halisamehe. Osha kwa maji safi mengi, kausha juani siku hiyo hiyo, piga brashi ya nailoni kuondoa kilicholegea, kisha puliza vanishi isiyong'aa, mipako mitatu myembamba. Kipimo ni gundi ya karatasi, ule utepe wa kunata wa mafundi rangi: ibandike, kisha ibandue. Ikitoka na unga wa kahawia, ongeza mpako. Unga huo ukiingia ndani ya kasha utafika kwenye feni na kila plagi.

Usipake kutu paneli nzima. Rudi kwenye picha zako. Kutu huanza pale maji yanapotuama: chini ya mabamba, kuzunguka vichwa vya bolti, kwenye mkunjo. Sehemu za juu na za katikati zilikuwa na rangi. Kwa hiyo baada ya kufunga kutu kwa vanishi, paka rangi ya kijivu cha mashine au kijani iliyofifia, ukiacha kingo za chini. Ikishakauka kidogo, isugue kwa pamba ya chuma kwenye kona zinazoshikwa, hasa kuzunguka mpini wa mlango na swichi. Rangi ya mafuta iache siku saba kabla ya kufunga chochote cha moto ndani, la sivyo joto litailainisha na kasha litanuka kwa wiki kadhaa.

Mita, swichi na taa

Mita ya sindano inayoonyesha mzigo wa prosesa ndiyo inayolipa kasha uhai, na inafanyika kwa vifaa vichache: Arduino Nano moja (bodi ndogo inayopangiwa kazi kwa programu), mita moja, rezista moja, potenshomita moja (rezista inayobadilishwa kwa kuzungushwa), na programu ndogo kwenye kompyuta inayotuma namba kati ya 0 na 255 kupitia USB. Arduino hutoa umeme wa kukatakata, na sindano kwa uzito wake huusawazisha.

Tatizo ni kununua mita isiyofaa. Zinazojaa kwenye maduka ya umeme ni za kupima volti 0 hadi 500 za umeme wa nyumbani, zina alama ya wimbi, na Arduino haiwezi kuzisogeza. Tafuta yenye mstari ulionyooka kuashiria umeme wa betri, na alama ndogo ya sumaku yenye umbo la kiatu cha farasi. Iwe ya miliampea 1. Kwa hesabu, volti 5 ukigawa kwa miliampea 1 unapata omu 5,000, lakini Nano inayolishwa na USB mara nyingi hutoa kama volti 4.7 kwa sababu ya dayodi iliyo njiani. Weka rezista ya omu 3,900 ikifuatana na potenshomita ndogo ya omu 1,000, tuma 255, kisha zungusha hadi sindano itue mwisho wa kipimo.

Uso wa mita chapisha upya kwenye karatasi isiyong'aa. Andika MZIGO au JOTO, tarakimu 0 hadi 100, na mstari mwekundu kuanzia 90. Ubandike nyuma ya bamba la asili kisha uligeuze, ili asili isipotee. Mita ifungwe mwisho kabisa, baada ya kutoboa kote kwisha, kwa sababu ndani yake kuna sumaku, na chembe moja ya chuma ikinaswa kwenye mwanya wa koili sindano itakwama.

Mita ya presha ya boila haiendeshwi na umeme. Ndani yake kuna bomba lililopinda linalonyooka presha ikipanda, uvumbuzi wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849. Ukitaka sura yake, toa mtambo wa ndani na uweke servo ndogo, mota inayogeuka hadi pembe unayoiamuru, nyuma ya uso. Ila sehemu kuukuu zina hatari zake. Mita zenye namba zilizowahi kung'aa gizani huenda zina rediamu, usizifungue. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, ipige msasa ikiwa imelowa. Kamba nyeupe za kuzibia boila zinaweza kuwa asbestosi, ziache hapo hapo kwenye chuma chakavu.

Swichi ya kisu, ile ya mpini wa shaba, inapendwa mno na inakosewa mno. Mazabodi inataka pini mbili ziguswe kwa muda mfupi kisha ziachiwe. Kisu kikibaki kimefungwa, mazabodi inaelewa kwamba umeshikilia kitufe, na baada ya sekunde 4 hivi inazima kila kitu. Aliyefunga anaanza kubadilisha pawa saplai bure. Ama weka springi ya kurudisha mpini, ama tumia swichi ya ufunguo wa gari, ambayo nafasi yake ya kuwasha hurudi yenyewe. Kitufe cha kijani cha kuanzishia mota, cha milimita 22, nacho ni sahihi mradi kisibaki ndani kikibonyezwa na kiwe na mguso ulio wazi kikiwa kimetulia. Chekundu cha kuzimia kina mguso uliofungwa.

Taa ya nyuzi iwe ya volti 12, ya LED au ya gari ya wati 5, ikitoka kwenye waya wa njano na mweusi wa plagi ya diski, na fyuzi ya ampea 1 njiani. Usiipe umeme kutoka kwenye plagi ya feni, na volti 230 zisiingie kwenye kasha popote nje ya pawa saplai.

Gurudumu la vali likizungusha potenshomita ya omu 10,000 linaweza kuamuru feni za kasha kupitia Nano ile ile, kwa mawimbi ya kilohezi 25 ambayo feni za waya nne zinayatarajia. Chukua gurudumu peke yake, maana shina la vali linahitaji mizunguko mingi na potenshomita haifikishi hata mmoja. Kwenye programu weka kiwango cha chini cha asilimia 30 ili mtu asizime feni kwa bahati mbaya. Feni ya prosesa ibaki ikiongozwa na mazabodi.

Mabomba ya shaba nyekundu yapo kwa mafundi wa AC na friji, ya inchi 3/8 yanatosha kupitisha waya. Kunja kwa springi ya kukunjia, nusu kipenyo cha mkunjo kisipungue milimita 38, na sugua ndani ya kila mdomo kwa tupa, kwa sababu ukingo mkali hukata ganda la waya polepole. Shaba isigusane moja kwa moja na chuma kilichopakwa zinki penye unyevu, washa ya plastiki inatosha kuvitenganisha.

Hewa

Ngozi ya chuma inaziba. Bati lenye matundu ya milimita 5 yaliyopishana kwa umbali wa 8 linapitisha hewa kwa asilimia 35 tu ya eneo lake. Matundu ya 6 kwa umbali huo huo yanafika 51. Tofauti hiyo ya milimita moja unaisikia kwa masikio, feni inapoacha kuhangaika. Mbele ya feni za kuingiza hewa weka la 51, na mbao au mabomba yasikae mbele yake kwa karibu.

Pima kabla na baada. Programu ile ile nzito, dakika 30, chumba kile kile, saa ile ile ya siku. Prosesa ikipanda zaidi ya nyuzi 5 kuliko ilivyokuwa kwenye kasha tupu, panua matundu kwanza kabla ya kununua feni nyingine. Chumba kisicho na AC Dar es Salaam mwezi Februari kinapita nyuzi 30, hivyo kasha lililopita jaribio Limuru mwezi Julai halijapita bado.

Mwisho ni umeme wa ardhi. Rangi na vanishi ni vizuizi, kwa hiyo kabla ya kupaka ziba kwa gundi ya karatasi uso unaopokea pawa saplai na tako la kila nguzo ya mazabodi. Ngozi iunganishwe na fremu kwa waya wa kijani na njano na washa yenye meno inayokwaruza hadi chuma. Kompyuta ikiwa imechomolewa ukutani, weka maltimita kwenye pini ya ardhi ya plagi na kwenye kila bamba linaloguswa: isome chini ya omu 1. Bamba lisilosoma hivyo lisiachwe. Kisha washa mazabodi ikiwa na prosesa na kumbukumbu peke yake, ongeza kadi ya picha, ongeza Nano, na baada ya mwezi mmoja rudia kukaza bolti zote na kubandika gundi ya karatasi kwenye kutu, kuanzia kingo za chini.